Matanga ya Kwanza ya Senje Truphosa

Beldina alinipigia simu nikiwa kazini Rongai, nimesimama katikati ya magunia ya mahindi nikibishana na dereva wa lori. "Mercyline," akasema, "Senje ameenda. Na safari hii ni kweli." Nikamuuliza swali ambalo kwa mtu mwingine lingekuwa matusi: una hakika? Hakukasirika. Alinieleza kwa utaratibu kwamba amefika hospitalini mwenyewe, amemwona kwa macho, amemshika mkono, kisha akainama sikioni mwake na kumwambia kwamba ule wimbo wake wa kufunga kaburi sasa utaanzishwa na Beldina. "Na hajanijibu," akasema. Hapo nami nikaamini. Senje Truphosa mwenye pumzi hata kidogo asingenyamazia jambo kama hilo.

Nilikata simu, nikamaliza kubishana na dereva, nikapima magunia yaliyobaki. Sikulia. Sikulia jioni hiyo, sikulia tulipomsafirisha kwenda nyumbani Kakamega, na mabinamu wakaanza kunitazama kwa pembe ya jicho, maana kila mtu alijua nilivyopendwa na shangazi yangu yule. Sikuwa na la kuwaeleza. Ningesema nini? Kwamba mimi nilishamlilia mwanamke huyu zamani, mchana kweupe, kwa nguvu zangu zote, na yeye akaniambia kilio changu ni kama cha mtu anayeuza mboga za sukuma?

Ulikuwa mwaka ule wa korona. Nilikuwa nimetoka chuo na diploma mkononi na sina mahali pa kuipeleka, nikawa naishi na Senje, ndivyo kwetu tunavyomwita shangazi, huko Section 58 mjini Nakuru. Tulipanga vyumba viwili vya nyuma katika ploti ya mjane mmoja Mpunjabi ambaye mtaa mzima ulimwita Mamaji. Yake ilikuwa ile nyumba ya zamani ya mbele, yenye veranda na paa jekundu. Vyetu vilikuwa vya mabati, na jiko letu liliegemea jiko lake, likitengwa na ukuta ambao fundi aliuchoka kabla haujafika juu. Kupitia pengo lile harufu zilipita, moshi ulipita, na maneno yalipita zaidi. Mamaji akianza kukaanga vitunguu saumu na bizari asubuhi, Senje angepiga chafya ya makusudi na kusema kwa sauti, "Kuna watu wanapika chakula na kuna watu wanapika dawa ya mende." Naye Mamaji, kwa kuwa hakuwa akiongea na Senje moja kwa moja, aliijibu sufuria yake: "Kuna watu wanachemsha samaki ya kukauka halafu wanaongea mambo ya harufu." Waliishi hivyo miaka mingi, na mimi nilichelewa sana kutambua kwamba hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao.

Lililomchosha Mamaji zaidi ni kelele. Senje alikuwa mpishi wa shule, lakini hiyo ilikuwa kazi ya kumpa ugali. Kazi yake hasa ilikuwa matanga. Akifa mtu yeyote wa kutoka kwetu Magharibi, awe aliwahi kumsalimia Senje au la, yeye ndiye aliyeongoza kilio. Alikuwa na mkoba maalum uliokaa nyuma ya mlango: leso, ndala, tochi, njugu karanga, na peremende za kulainisha koo. Na alikuwa na sheria. Kilio huanzia langoni, si penye jeneza; anayeanzia penye jeneza amekuja kuangalia, hakuja kulia. Mikono huwekwa kichwani. Jina la marehemu hutangulia, lote, ili ajue ni yeye anayeitwa. Kisha unamgombeza: umeniachia nani, uliahidi kuja kwangu hukuja, sasa nani atafanya hiki na kile. Sifa huja mwisho kabisa, la sivyo marehemu atadhani anasomewa risala ya shule. Mazoezi aliyafanyia jikoni, asubuhi, akipasha sauti moto pamoja na uji. "Nani amekufa tena?" Mamaji angeiuliza sufuria yake. "Hajakufa bado," Senje angeijibu ya kwake. "Lakini hali yake si nzuri."

Kisha ugonjwa ukaingia nchini, tukawa tunakaa mbele ya televisheni kila alasiri kungoja kusomewa hesabu ya walioambukizwa, kama watu wanaongoja matokeo ya mpira. Shule zilifungwa, makanisa yakafungwa, kafiu ikawekwa. Langoni Mamaji aliweka mtungi wa maji wenye mfereji na kipande cha sabuni kilichofungwa kwa kamba, akasimama hapo mwenyewe kuhakikisha kwamba hata anayetoka ananawa. Duka lake la vitambaa mjini lilikuwa limefungwa pia, basi akashona maski kwa robota la kitambaa cha sari kilichokataa kununuliwa tangu enzi za marehemu mumewe: zambarau, chenye nyuzi za dhahabu. Ploti nzima tulivaa. Kisha Beldina, jirani yetu wa ng'ambo ya ua, aliyeimba kwaya moja na Senje na kumwonea wivu kwa uaminifu mkubwa, akaichukulia kwaya nzima maski hizo, na kwa muda fulani Wakristo wa Section 58 walienda sokoni kununua nyanya wamevaa kama wasimamizi wa harusi.

Senje hakuogopa kufa. Aliogopa kuzikwa. Siku moja televisheni ilionyesha mazishi mahali fulani: wanaume waliofunikwa nguo nyeupe kutoka utosini hadi vidoleni, jeneza likikimbizwa, familia imesimamishwa mbali, na kabla mtu hajamaliza ubeti mmoja udongo ulikuwa umesharudishwa. Tulikuwa tunakula ugali na mrenda. Senje aliacha tonge mkononi.

"Hakuna mtu amelia," akasema.

"Senje, wanalia. Ni vile wako mbali."

"Mbali ni wapi? Mtu analiliwa kutoka mbali kama nani, kama rais wa nchi ingine?"

Hakumaliza chakula chake. Matanga makubwa yalikuwa yamekatazwa, watu wachache tu ndio walioruhusiwa kuzika, na mkoba ukabaki nyuma ya mlango ukishika vumbi. Alipungua mwanamke yule. Angeketi jikoni akiwataja waliokufa bila yeye, mmoja mmoja, na kusema kila mmoja angeanziwa wimbo gani.

Asubuhi moja nilikuwa nakata sukuma huku machozi yakinitoka, maana upande wa pili Mamaji alikuwa amechoma pilipili hadi ukuta wenyewe ulitaka kukohoa. Senje akaketi kwenye stuli, akainua pua kuelekea pengo, akauliza, "Mamaji leo hapiki?" Nikacheka. Kisha nikaona yeye hacheki. Alisimama, akasogea mpaka ukutani, akanusa tena, kwa nguvu. Upande wa pili kijiko kilisimama. Halafu Mamaji, kwa mara ya kwanza tangu nihamie pale, akaongea na Senje badala ya sufuria.

"Truphosa. Wewe hausikii hii pilipili?"

"Sisikii kitu, Mamaji."

"Ingia chumba yako. Sasa hivi. Mercyline, wewe toka nje."

Niliogopa asubuhi ile kuliko nilivyowahi kuogopa maishani.

Alipimwa, akapatikana nao, akaambiwa ajitenge nyumbani. Mimi nikahamia jikoni, yeye akabaki chumbani, na kati yetu mlango na ile stuli. Chakula nilikiweka juu ya stuli, nikagonga, nikarudi nyuma mpaka penye ndoo. Nusu ya chakula hicho haikuwa yangu. Mamaji alikipitisha juu ya ukuta ndani ya kikapu chenye kamba: birika la chai ya tangawizi na pilipili manga, dengu za manjano, chapati zilizofungwa kwa kitambaa. Senje alikula vyote na kutoa maoni kupitia mlango. "Mwambie dengu ni tamu." Nikamkumbusha kwamba hasikii ladha. "Naiona kwa macho," akajibu. Mwanzoni aliimba katikati ya kikohozi. Baadaye alikohoa tu. Kisha sentensi zake zikaanza kukatika, anasema maneno machache, anavuta pumzi kama aliyepanda ngazi, anaendelea. Daktari mmoja wa kanisani kwetu alitaka kumsikia kwenye simu. Nikaisukuma simu chini ya mlango, ikiwa kwenye spika. Hakumsikiliza kwa muda mrefu. Akaniambia mimi: mpelekeni hospitali leo, anahitaji oksijeni, msingoje kesho.

Senje akakataa.

"Anayefia huko... wanampitisha moja kwa moja kaburini," akasema. "Wale wa nguo nyeupe. Nitazikwa... kama gunia."

"Senje, ukibaki hapa utakufa!"

"Nikifia hapa... nitaliliwa."

"Truphosa, gari iko tayari," Mamaji akasema kutoka ukutani. "Nimeweka mafuta."

"Asante Mamaji. Siendi."

Hata hivyo Mamaji akarudi ndani kuandaa thamosi ya chai ya safari. Nilikaa chini sakafuni, mgongo kwenye mlango, nikambembeleza kwa kila neno nililokuwa nalo. Nilimwambia kwamba katika mji ule wote sikuwa na mtu mwingine, na ilikuwa kweli. Ndani nilisikia pumzi zikitafutwa. Kisha akasema, "Basi nililie kwanza."

"Nini?"

"Nililie sasa. Nisikie. Nikiridhika... naenda."

Mtu hufanya nini hapo? Nilizunguka nje mpaka chini ya dirisha lake, nikasafisha koo, nikasema, "Woi Senje, umetuacha." Pazia likasogea. "Huko ni kulia... ama ni kuuza sukuma?" Nikajaribu tena. "Umeanzia wapi, wewe? Hapo ni... kwa jeneza. Nenda langoni." Nikaenda langoni. Jua lilikuwa kali na barabara tupu kwa sababu ya ugonjwa. Niliweka mikono kichwani nikijiona mjinga. Nikaita jina lake, Truphosa Ayuma, lote, kama sheria inavyotaka. Kisha nikafika mahali pa kumgombeza, na hapo mdomo wangu ukaacha kuigiza. Nilimgombeza kwa kuugua, nikamgombeza kwa kukataa hospitali, nikamuuliza nani ataniamsha na nyimbo za maiti za watu nisiowajua, nani atakula ugali wangu mbichi na kuusifu kwa uongo. Nilikitembeza kilio kile kutoka langoni mpaka dirishani, mayowe yakinitoka ambayo sikujua ninayo, na nilipofika nikamsikia ndani akisema polepole, kwa kuridhika, "Ehe. Ehe. Hapo sawa."

Tatizo ni kwamba nilikuwa nimelia vizuri. Kwa watu wetu, kilio kikishaanzia langoni hakuna anayeuliza kama ni kweli. Watu huuliza tu mazishi ni lini. Beldina alinisikia kutoka ng'ambo ya ua, akashika simu. Kabla sijafuta kamasi, habari ilikuwa imeshafika Kakamega, na kaka yake Senje alikuwa ameshaamuru fahali afungwe. Kwaya ikatokea, ikajipanga kando ya ua, kila mmoja mbali na mwenzake kama serikali ilivyotaka, maski za zambarau zikimeremeta juani. Mamaji alitoka kwenye mlango wake wa nyuma, ameshika ile thamosi ya chai aliyoiandaa kwa safari ya hospitali, akajifunika mtandio kichwani, akaketi kwenye ngazi. Machozi yalimtiririka bila sauti yoyote. Nilikimbia kutoka kwa huyu hadi kwa yule nikisema hajakufa, jamani, hajakufa! "Pole, mtoto," wakanijibu kwa upole. "Ni kweli. Amelala tu." Nikapiga kelele kwamba yuko mle ndani, anakohoa. "Ni mshtuko," mmoja akamwambia mwenzake. "Mwacheni aseme, itamsaidia."

Beldina akapiga hatua mbele. Alisema kwamba Truphosa alikuwa na sauti ambayo yeye hakuwahi kuifikia hata siku moja. Alisema amemwonea wivu tangu walipojiunga na kwaya, Mungu anajua, na kwamba leo angetoa sauti yake yote ili Truphosa arudi, hata amtukane tu. Watu walilia sana hapo. Hata mimi niliyejua ukweli nililia. Kisha Beldina akafumba macho, akavuta pumzi, akaanzisha wimbo wa kufunga kaburi.

Pazia likafunguka lote. "Beldina!" ikasema sauti nyembamba kutoka dirishani. "Umeanza... chini sana!"

Kwaya iliyokuja imetengana kwa amri ya serikali iliondoka imeshikana. Waliopita langoni walipita langoni, na waliobaki waliuonyesha ua wa Mamaji kwamba si ua wa kuzuia watu. Mtungi wa kunawa ulianguka. Askari wawili walioitwa kuja kutawanya mkusanyiko walikuta umeshajitawanya. Beldina peke yake hakukimbia, aliketi chini pale aliposimama, kwenye tope la mtungi, akicheka na kulia kwa pamoja, akirudia, "Ameniambia nimeanza chini. Ameniambia nimeanza chini."

Mamaji aliinuka kwenye ngazi, uso umelowa. "Wewe mwanamke mjinga! Mimi nimelia bure!"

"Si bure, Mamaji. Nimekuona," Senje akasema. "Lakini unalia... kimya. Nani atakusikia?"

"Ingia gari!"

Na Senje akatoka. Alikuwa amejifunga leso, mkoba wa matanga begani, anapepesuka na kuushika ukuta. Nilitaka kumshika akanikataza kwa kidole. "Sasa twende," akasema. "Nimeshaliliwa." Mamaji alimwendesha madirisha yote yakiwa wazi, yeye mwenyewe amevaa maski mbili na mtandio juu yake, akimgombeza njia nzima bila kuitumia sufuria yoyote. Walimwekea oksijeni mchana uleule. Daktari alituambia baadaye kwamba kama tungengoja hadi kesho yake, yeye asingekuwa na la kutueleza. Kakamega kaka yake alipiga simu kuuliza, kwa kuwa fahali ameshachinjwa, sasa wafanye nini na nyama. "Mwambie waile," Senje akasema kutoka kitandani, mirija puani, "na waseme asante."

Alirudi amekonda, nguo zinamning'inia, na kwa muda mrefu pua yake ilibaki imekufa. Mamaji aliendelea kupitisha kikapu. Halafu siku moja mafuta yalipoingia bizari upande wa pili, Senje akapiga chafya, chafya ya kweli, akatulia, akanusa. "Kuna watu," akasema kwa sauti ambayo haijatulia, "wanapika dawa ya mende." Ng'ambo ya ukuta kitu kikaanguka, na tukamsikia Mamaji akicheka mpaka akahitaji maji.

Miezi iliyobaki ya mwaka ule waliimalizia kwenye ngazi ya nyuma, mwenye nyumba juu na mpangaji chini, thamosi katikati. Mimi nikiosha vyombo niliwasikia. "Mikono kichwani, Mamaji." "Hii moja inauma." "Basi weka hiyo ingine. Niite." "Truphosa." "Hapana! Nimekufa, si niko duka. Niite na nguvu." Mamaji aliita. "Sasa nigombeze." "Wewe ni mpangaji mzuri." "Hiyo ni sifa, hiyo ni ya mwisho. Gombeza!" Mamaji alifikiri kidogo, kisha akamgombeza kuhusu samaki, kuhusu kelele, kuhusu moshi, kwa ufasaha wa mtu aliyejiandaa miaka mingi. Senje alipiga makofi. Nilidhani wanacheza.

Basi juzi, Kakamega, palikuwa na hema na watu wasiohesabika, kila mmoja ameingia na kilio chake tangu langoni, na mimi macho makavu katikati yao. Mahubiri yalikuwa yakiendelea gari liliposimama barabarani. Mamaji alishuka. Amezeeka sana siku hizi, anatembea na fimbo, na mtandio aliovaa ulikuwa wa zambarau wenye nyuzi za dhahabu. Wazee waliinuka wampe kiti cha mbele. Nilikimbia kumpokea, nikamshika mkono nimwongoze ndani, akanitoa. Alisimama palepale langoni. Akanipa fimbo niishike. Mkono ule usiouma akauweka kichwani.

"Truphosa Ayuma!" akaita, na mhubiri akanyamaza. "Wewe mwanamke wa kelele! Umeniacha na ukuta! Nani atasema chakula yangu ni dawa ya mende? Mimi nitaongea na nani, Truphosa, na sufuria? Na sufuria?"

Alipita kati ya watu wote akimgombeza hivyo, pole pole, bila fimbo, mpaka jenezani. Beldina alikuwa kando yangu, mkono mdomoni. "Ameanza juu," akaninong'oneza. "Ameanza juu kabisa."

Nilitaka kucheka. Nilifungua mdomo nicheke, nikaona hakitoki kicheko. Nikamwachia Beldina ile fimbo, nikatoka nje mpaka barabarani, nikaweka mikono kichwani, nikaingia upya.